Kapla za sumaku kwenye mitandao ya viwandani: maswali ya mafundi wa Mtwara na Lindi

Maswali haya yanaulizwa na mafundi umeme wa viwanda vya korosho, watu wa pampu za maji za Uwanda wa Makonde, waendesha mizani ya magari na wenye viwanda waliochoka kununua kadi za mawasiliano kila mwaka. Kapla ya sumaku ni chipu inayovusha data bila kuunganisha umeme wa pande mbili, na ndiyo dawa ya mengi kati ya matatizo yaliyoulizwa hapa. Majibu yanahusu zaidi laini za RS-485, zile za waya mbili zinazobeba Modbus (lugha ya mawasiliano ya vifaa vya viwandani), kwa sababu ndizo zilizojaa huku Kusini. Mengi yanafaa pia kwa mitandao mingine ya viwandani kama CAN na Profibus.

Kadi za mawasiliano zinaungua kila mwaka msimu wa korosho ukianza. Kebo tumeipima, ni nzima. Tatizo nini?

Kaangalie ethi. Kiwanda cha kawaida cha korosho kina chumba cha boila huku, borma (tanuri la kukaushia korosho) kule, na ofisi ya mizani karibu na geti. Kila jengo lina fimbo yake ya ethi. Mota na invata (vifaa vya kudhibiti kasi ya mota) zinavujisha umeme kidogo kwenye ethi muda wote, na udongo una ukinzani, kwa hiyo fimbo mbili zilizo mbali haziwi na volti sawa hata siku moja. Ukivuta kebo ya data kutoka jengo moja hadi jingine umeunganisha ethi hizo mbili kwa waya mwembamba unaoishia ndani ya chipu.

Kiwango cha RS-485, kilichotoka mwaka 1983, kinairuhusu chipu ivumilie volti kati ya −7 na +12 ukilinganisha na graundi yake, yaani sifuri ya umeme wake. Nje ya hapo haina dhamana.

Unaweza kujionea mwenyewe. Chomoa kebo ya data upande mmoja. Weka multimita kwenye AC, ukianza na renji ya juu kabisa, maana kama ethi ya jengo lile imekatika unaweza kukuta volti 230 kamili. Prob moja igusishe waya wa graundi uliokuja na kebo, nyingine ethi ya paneli uliyopo. Mwambie mwenzako awashe mota zote. Tuseme mita inaonyesha volti 5. Wengi huona ni kidogo na kurudisha kebo. Lakini mita inakupa thamani ya RMS, aina ya wastani wa AC. Kilele chake ni mara 1.41, yaani volti 7 na ushee. Tayari umefika kwenye mpaka wa chini wa chipu, mara 50 kila sekunde, na hapo radi haijapiga.

Kwa nini msimu wa korosho? Kusini tuna mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mnada unaanza Oktoba, mitambo inapanda hadi mzigo kamili, na udongo wa kichanga umekauka tangu Juni. Ethi inakuwa dhaifu kuliko wakati mwingine wowote, halafu ndipo yanapoingia mawingu ya kwanza yenye radi.

Kapla ya sumaku ni kitu gani hasa?

Ni transfoma ndogo sana iliyojengwa ndani ya chipu. Kuna koili mbili bapa, moja juu ya nyingine, na katikati yake utando wa plastiki ngumu iitwayo poliimidi. Kwenye familia ya iCoupler ya Analog Devices utando huo una unene wa takriban maikromita 20, mwembamba kuliko unywele wa mtu, na bado unahimili maelfu ya volti. Taarifa inavuka kwa sumaku. Umeme wenyewe hauvuki. Kanuni ni ile aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831: mkondo ukibadilika kwenye koili moja, volti inazaliwa kwenye koili ya pili.

Fundi makini atauliza hapo hapo: transfoma haipitishi DC, sasa laini ikikaa kwenye 1 kwa nusu saa itakuwaje? Swali zuri. Chipu haitumi hali yenyewe, inatuma mabadiliko. Katika muundo ule wa iCoupler, ishara ikipanda hutumwa midundo miwili mifupi sana, ya nanosekunde moja hivi. Ikishuka hutumwa mdundo mmoja. Upande wa pili unahesabu na kujua. Laini ikitulia bila kubadilika, chipu hurudia kutuma hali iliyopo kila baada ya takriban maikrosekunde 1, ili upande wa pili usikae na taarifa ya zamani. Na kama upande wa pili haujasikia chochote kwa takriban maikrosekunde 5, unahesabu kwamba mwenzake amezimika na unajiweka kwenye hali ya akiba iliyopangwa kiwandani. Hiyo hali ya akiba ikumbuke, tutairudia, kwa sababu imewahi kunyamazisha mitandao mizima.

Aina nyingine za chipu hutuma mawimbi ya masafa ya juu mfululizo wakati ishara ni 1 na kunyamaza wakati ni 0. Kwa fundi wa paneli matokeo ni yale yale.

Dukani nina PC817 kibao, nazo zinatenganisha. Kwa nini nisizitumie?

PC817 kila fundi wa TV anaifahamu, imo kwenye pawasaplai karibu zote. Ndani yake kuna taa ya LED na transista inayoiona. Inatenganisha kweli, na kwa kazi yake ya asili, kurudisha taarifa ya volti ndani ya pawasaplai au kusoma swichi ya kikomo, ni nzuri na rahisi. Sina ugomvi nayo.

Kwenye data ina shida mbili. Ya kwanza ni mwendo: transista yake inachelewa kuzima, kwa hiyo ukipandisha kasi ya laini biti zinaanza kuvutika na kuharibika umbo. Ziko optokapla (kapla za mwanga kama hiyo) za kasi, kama 6N137 inayofika megabiti 10 kwa sekunde, lakini nazo zinadai miliampia kadhaa kwa kila chaneli, na laini ya RS-485 inahitaji chaneli tatu: kutuma, kupokea, na kuruhusu kutuma.

Ya pili ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu ya joto letu. LED inazeeka. Mwanga wake unafifia taratibu, na kadiri paneli inavyokuwa na joto ndivyo inavyofifia haraka. Paneli iliyofungwa ukutani nyuma ya borma, mwezi wa Desemba, haina mahali pa kupoa. Mtandao unafanya kazi miaka miwili, halafu unaanza kukoseakosea mchana na kupona usiku. Fundi anabadilisha kebo, anabadilisha PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mitambo), kumbe ni LED iliyochoka. Koili haina cha kufifia.

Mota kubwa na transfoma za kiwandani zina sumaku kali. Hazitaivuruga?

Hofu hii ina msingi, lakini hesabu zinaituliza. Koili za ndani ni ndogo mno, kwa hiyo sumaku ya nje haipati eneo la kuzalisha volti ya maana. Tena hazina kiini cha chuma cha kujaa sumaku. Datashiti (karatasi ya vipimo) ya ADuM1400, chipu mojawapo ya iCoupler, inatoa mfano: kwa masafa ya megahetsi 1, ingebidi waya wenye ampia 500 upite milimita 5 kutoka kwenye chipu ndipo uivuruge. Umeme wa gridi ni hetsi 50, na kadiri masafa yanavyoshuka ndivyo kapla inavyovumilia zaidi. Mota ya crusha au ya feni ya boila haitakusumbua kwa njia hiyo.

Kinachoweza kusumbua ni kingine kabisa: volti inayoruka ghafla kati ya graundi mbili. Invata inakata volti mamia kwa kasi ya ajabu. Kati ya pande mbili za kapla kuna kapasitensi ndogo, pikofaradi 2 hivi. Volti ikiruka kilovolti 10 ndani ya maikrosekunde 1, pikofaradi hizo 2 zinapitisha miliampia 20. Chipu lazima isidanganywe na mshtuko huo. Kwenye datashiti tafuta kipimo cha CMTI, yaani kasi ya kuruka kwa volti ambayo chipu inaivumilia. Za zamani zinaanzia kilovolti 25 kwa maikrosekunde, nyingi za sasa zinafika 100. Karibu na invata, chukua ya 100.

Zote zinafanya kazi kwa transfoma?

Hapana. NVE ya Minnesota, Marekani, inatengeneza kapla yenye koili upande mmoja na upande wa pili tabaka za chuma zinazobadilisha ukinzani zikiguswa na sumaku. Jambo hilo liligunduliwa mwaka 1988 na Albert Fert na Peter Grünberg, kila mmoja kwa njia yake, wakapata Nobeli ya fizikia mwaka 2007. Pia kuna chipu za kapasita, zinazovusha ishara kupitia kioo cha silika. Kiwango cha kimataifa IEC 60747-17 cha mwaka 2020 kinazihukumu za sumaku na za kapasita kwa pamoja. Ukipata ya kapasita yenye vipimo unavyotaka, inunue bila wasiwasi.

Nimeweka kapla, kadi imeungua tena. Nimetapeliwa?

Inawezekana, lakini mara nyingi kapla ni nzima na waya wa umeme umeiruka. Hili ndilo jambo ninalotamani kila fundi alielewe kabla hajanunua chochote.

Kapla ina pande mbili na kila upande unahitaji umeme wake. Upande wa mashine unakula umeme wa PLC. Upande wa kebo je? Fundi akiona pini imeandikwa VDD2, anavuta volti 5 kutoka pawasaplai ile ile, na graundi anaiunganisha kwenye graundi ile ile. Kwa waya huo mmoja graundi mbili zimekuwa moja. Kapla ipo, inawaka, data inapita, na utenganisho haupo.

Upande wa kebo lazima upate umeme kupitia kigeuzi cha DC kwenda DC chenye transfoma ndani. Kile kidogo cheusi chenye miguu minne kilichoandikwa B0505S ni mfano: kinapokea volti 5 kinatoa volti 5, wati 1, na graundi ya kuingia haigusani na ya kutoka. Kuna chipu zilizo na kapla na kigeuzi kwa pamoja. Zinaokoa nafasi, ila kigeuzi chake kinafanya kazi kwa masafa ya juu sana na hutoa kelele ya redio bodi isipopangwa vizuri.

Halafu kagua njia nyingine za siri. Skrubu ya bodi imegusa bati la paneli, na bati lina ethi. Skrini ya kebo (wavu wa chuma unaozunguka waya zake) imefungwa kwenye ethi pande zote mbili. Soketi ya chuma ya DB9 imebanwa kwenye paneli huku ganda lake limeungwa na graundi ya kebo. Kimojawapo kinatosha kuharibu kazi yote. Zima umeme, weka multimita kwenye ohmu, pima kati ya graundi ya upande wa mashine na graundi ya upande wa kebo. Mita isionyeshe kitu, iwe wazi kabisa. Ikilia au ikionyesha ohmu chache, usirudishe umeme mpaka umeipata njia hiyo.

Kama nimetenganisha, bado nahitaji waya wa tatu?

Ndiyo. Watu wengi huuondoa hapa, wakidhani utenganisho umeufanya wa ziada. Ni kinyume chake. Vifaa vyote vilivyotenganishwa kwenye laini moja sasa vinaelea, na vinahitaji rejea ya pamoja ili A na B, waya mbili za data, zikae ndani ya −7 na +12. Pitisha waya wa graundi ya kebo kutoka kifaa hadi kifaa. Kisha uguse ethi sehemu moja tu ya laini nzima, kwa kawaida kwenye paneli kuu. Skrini nayo iguse ethi sehemu hiyo hiyo.

Na vile vizuizi vya ohmu 120 viweke kwenye ncha mbili za laini, si kwenye kila kifaa. Kapla haibadilishi chochote hapo.

Paneli moja ikizimwa umeme, mtandao wote unakufa. Kwa nini?

Hapa ndipo ile hali ya akiba inaporudi. Chukua paneli ya pampu iliyotenganishwa. Upande wake wa mashine umezimwa, lakini upande wa kebo una umeme unaotoka kwingine. Kapla haisikii kitu, baada ya maikrosekunde chache inajiweka kwenye hali ya akiba. Kama hali hiyo ni 1, na chaneli hiyo ndiyo inayoendesha pini ya kuruhusu kutuma, basi kifaa kilichozimwa kinashika laini na hakiiachii. Vifaa vingine vyote vinazungumza juu yake, na hakuna anayesikika.

Kwa chaneli ya kuruhusu kutuma chagua chipu ambayo hali yake ya akiba ni 0. Watengenezaji huuza chipu ile ile kwa matoleo mawili, na tofauti kwenye jina ni herufi moja. Isome herufi hiyo. Transiva (chipu za kutuma na kupokea) zenye kapla ndani, zilizotengenezwa mahsusi kwa RS-485, kama ADM2486 iliyolenga Profibus, tayari zimepanga jambo hili ndani, na kwa fundi asiyetaka kubuni bodi yake ndiyo njia salama.

Kapla itazuia radi?

Hapana, na muuzaji anayekuahidi hivyo anakuingiza hasara.

Piga hesabu. Radi ya kawaida ina mkondo wa makumi ya maelfu ya ampia. Chukua ampia 30,000. Ethi yako tuseme ni ohmu 5, ambayo kwa mchanga wa Mtwara mjini au wa Newala ni ethi ya kujivunia. Ikipiga kwenye jengo, graundi ya jengo hilo inapanda hadi volti 150,000 ukilinganisha na jengo la mbali. Kapla nzuri inahimili volti 5,000 kwa dakika moja. Hata ukilijaza shimo lako la ethi makaa na chumvi ukaishusha hadi ohmu 1, bado ni volti 30,000.

Kapla inakusaidia pale radi ilipopiga mbali na kuacha mshtuko wa mamia au maelfu machache ya volti, na inakusaidia kila siku dhidi ya tofauti ya ethi. Kwa radi ya karibu unahitaji aresta (kifaa cha kumwaga mshtuko wa radi kwenye ethi) ya laini ya data kwenye kila jengo kebo inapoingia, yenye waya mfupi na mnene kwenda ethi, na ethi za majengo ziunganishwe pamoja inapowezekana. Aresta inameza nguvu, kapla inavumilia kinachobaki. Weka aresta upande wa kebo, kabla ya kapla.

Kati ya kisima cha bondeni na tangi lililo juu ya uwanda, ambako kebo inapanda mlima kilomita kadhaa wazi, ushauri wangu ni kuachana na shaba kabisa. RS-485 yenyewe inaishia mita 1,200 hivi. Tumia faiba, au redio.

Imeandikwa 2500 V. Naweza kuiachia volti 2,500 muda wote?

Usijaribu. Namba hiyo ni ya jaribio la dakika moja. Volti ya kufanyia kazi miaka yote ni ndogo zaidi na imeandikwa kwenye jedwali lake ndani ya datashiti. Kwa mtandao wetu wa 230 na 400 hilo kwa kawaida si tatizo, ila isome.

Kitu ninachokitilia mkazo pwani yetu ni uso wa chipu. Umeme unaweza kushindwa kupita ndani ya utando, ukatambaa juu ya plastiki kutoka mguu hadi mguu. Chipu nyembamba ina takriban milimita 4 kati ya pande mbili, pana ina 8. Umbali huo umehesabiwa kwa mazingira masafi kiasi. Sasa fikiria paneli karibu na mashamba ya chumvi, au bandarini, hewa ya bahari inaingia kila usiku na kuacha unyevu wenye chumvi. Ongeza vumbi la saruji, au moshi wenye mafuta ya maganda ya korosho unaonata kila mahali. Nimefungua bodi ambayo chini ya kapla kulikuwa na utando wa kahawia unaong'aa, umeunganisha miguu ya pande mbili kama rangi iliyomwagika. Multimita ilionyesha kilo-ohmu mia kadhaa mahali ambapo palipaswa kuwa wazi.

Kwa huku nunua chipu pana ya milimita 8. Bodi iwe na ufa uliokatwa chini ya chipu. Safisha kwa pombe ya isopropili, kausha, kisha paka vanishi ya bodi. Na funga mlango wa paneli, tafadhali. Mipira ya mlango iliyooza ibadilishwe kabla ya kufikiria chipu.

Laptopu iliungua porti ya USB nilipoichomeka kwenye PLC. Inahusiana?

Inahusiana moja kwa moja. Laptopu ikiwa kwenye chaja, graundi yake mara nyingi imeungwa na ethi ya soketi ya ukutani. PLC iko kwenye ethi ya paneli. Waya wa USB ukawa daraja. Ukiwa na haraka, chomoa chaja na utumie betri. Ukifanya kazi hii kila siku, nunua kitenganishi cha USB chenye kapla ndani. Nyingi za bei ya chini zinaishia megabiti 12 kwa sekunde, zinatosha kabisa kuprogramu PLC, hazifai kunakili video.

Na Etheneti?

Kila porti ya Etheneti ya waya ina transfoma tayari, na kiwango chake kinadai ihimili volti 1,500. Ndani ya jengo moja usiongeze kitu. Angalia tu usitumie kebo yenye skrini ya chuma iliyoungwa ethi pande zote mbili kati ya majengo, maana skrini hiyo inarudisha kile transfoma ilichokizuia.

Kapla inachelewesha mawasiliano?

Kwa makumi ya nanosekunde. Modbus ya biti 9600 kwa sekunde ina biti moja ya maikrosekunde 104, kwa hiyo hutaona chochote. Kwenye Profibus ya megabiti 12 biti ni nanosekunde 83, na hapo soma datashiti kwa makini, hasa tofauti ya kuchelewa kati ya kupanda na kushuka.

Nitajuaje kama kibadilishaji cha USB kwenda RS-485 nilichonunua Kariakoo kimetenganishwa kweli?

Kifungue. Kwenye bodi iliyotenganishwa utaona mstari mtupu usio na shaba, unaokata bodi vipande viwili, na vitu vichache tu vinavyovuka mstari huo: chipu ya kapla, kigeuzi cha umeme, pengine kapasita ndogo ya volti nyingi. Kama shaba imetapakaa mfululizo kutoka USB hadi kwenye skrubu za A na B, hakuna utenganisho hata kama ganda limeandikwa herufi kubwa. Vile vibodi vidogo vyenye MAX485 pekee havijatenganishwa, wala mtengenezaji hakudai hivyo. Ni wauzaji wanaoongeza maneno.

Kama huwezi kufungua, pima ohmu kati ya graundi ya USB na graundi ya skrubu. Ikilia, kirudishe dukani.

Naweza kupima kwa mega, ile mita ya volti kubwa ya kupimia insulesheni?

Unaweza, kwa masharti. Chomoa kebo zote. Ondoa aresta, la sivyo zitapitisha na utadhani kapla ni mbovu. Funga pamoja miguu yote ya upande mmoja, na yote ya upande wa pili, kisha pima kati ya makundi hayo mawili kwa volti 500. Usipige mega kati ya A na B kamwe. Hapo unaua transiva kwa mikono yako.

Inafaa kwenye mitambo ya gesi?

Huku kwetu swali hili ni la lazima, tangu Songo Songo hadi Mnazi Bay na Madimba. Kapla ya kawaida inatenganisha graundi. Haipunguzi nishati inayoweza kutoa cheche. Eneo lenye gesi ya kulipuka linataka kifaa kilichothibitishwa kwa mfululizo wa viwango vya IEC 60079, pamoja na cheti chake na namba zake zote. Zipo kapla za sumaku zenye cheti hicho. Ile uliyoizoea kwenye paneli ya korosho siyo, na usiihamishie huko hata kwa siku moja ya dharura.

Nina bajeti ya vitenganishi viwili tu, vifaa viko kumi. Niviweke wapi?

Usivigawe kwa bahati. Chora laini yako kwenye karatasi, kisha weka alama kila mahali kebo inapotoka jengo moja kuingia jingine, maana hapo ndipo ethi inapobadilika. Vifaa sita vilivyo ndani ya paneli moja, vinavyokula pawasaplai moja, havihitaji kutenganishwa kati yao. Jengo la boila na jengo la mizani ndiyo yanahitaji. Nunua ripita (vifaa vya kupokea na kutuma upya ishara) mbili za RS-485 zilizotenganishwa, zile za kubana kwenye reli ya DIN. Weka moja kebo inapoingia chumba cha boila, nyingine inapoingia ofisi ya mizani. Kila ripita ilishwe na umeme wa jengo ilipo, na kabla ya kufunga mlango pima ohmu kati ya graundi zake mbili.